Ramani mbili na daftari la kijumbe

Watoto wa darasa la sita huwa naanza nao na mambo matano ya ramani: jina, fremu, dira, skeli na ufunguo. Ninaokazania zaidi ni ufunguo. Ukiuruka, ramani itakudanganya mchana kweupe. Utaona kijani ukadhani ni msitu, kumbe mchoraji alikusudia nchi tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari.

Miaka michache iliyopita nilifungua kwenye simu ramani ya dunia ya saratani ya matiti. Australia, New Zealand, Marekani, Kanada na Ulaya ya magharibi zilikuwa zimekolezwa rangi mpaka zinakaribia weusi. Huku kwetu rangi imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Mwalimu mwenzangu aliyekaa pembeni yangu ofisini akaitazama, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe huu ni ugonjwa wa wenzetu."

Sikumjibu siku ile. Kabatini kwangu kulikuwa na daftari la mama mdogo, na nilijua kuna ramani ya pili.

Ile ya kwanza haisemi uongo. Australia na New Zealand, katika kila wanawake 100,000, takriban 100 hugundulika na saratani ya matiti kwa mwaka mmoja. Afrika Mashariki ni kama 30 na ushei. Wapo wanaosema ni suala la umri tu: sisi tuna watoto wengi, wao wana wazee wengi, na saratani hufuata umri. Watakwimu waliliwahi hilo. Takwimu hizi husawazishwa kwanza, kila nchi ikapigiwa hesabu kana kwamba ina mgawanyo uleule wa vijana na wazee. Ukishasawazisha, pengo bado liko palepale. Umri unaeleza jambo jingine, nalo hupotoshwa sana: kwa nini wodini kwetu unakutana na akina mama wa miaka 40 na kitu, mpaka watu wakaamini kwamba saratani ya Mwafrika ni ya vijana. Nchi ambayo nusu ya watu wake hawajafika miaka 20 lazima wagonjwa wake wengi waonekane vijana, maana wazee wenyewe ni wachache.

Mwaka 1926 daktari Mwingereza, Janet Lane-Claypon, alichapisha kazi ambayo mpaka leo naistaajabia. Aliwachukua wanawake 500 wenye saratani ya matiti na wengine 500 wasio nayo, akawauliza habari za maisha yao. Waliougua walikuwa wameolewa kwa kuchelewa, wamezaa watoto wachache na kunyonyesha kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 watafiti wakaunganisha tafiti 47 kutoka nchi 30, wanawake karibu 150,000 kwa jumla, wakaweza kuweka namba: kila mtoto unayemzaa hupunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza tena kwa asilimia 4.3. Ongeza na kuvunja ungo mapema, kukoma hedhi kwa kuchelewa, pombe, na unene baada ya hedhi kukoma. Hapo umeshapata sehemu kubwa ya sababu za ramani kuwa na rangi mbili.

Niliposoma hayo niliiweka simu chini. Mama mdogo alizaa watoto wanane. Kila mmoja alimnyonyesha karibu miaka miwili, na nakumbuka mdogo wao alivyokuwa akikimbia kutoka kucheza, anapanda mapajani na kujifunulia kanga mwenyewe. Pombe hakuwahi kuionja. Alilima muhogo, akachota maji kwa kichwa mpaka alipokaribia miaka 50, na hakunenepa hata siku moja. Kinga zote zilizoandikwa vitabuni alikuwa nazo. Kinga hupunguza hatari, haiifuti, na katika maelfu ya wanawake wenye kinga kama yake wapo wachache watakaougua hata hivyo. Yeye akawa katika hao wachache.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Wajapani. Japani kwa muda mrefu saratani ya matiti ilikuwa ya nadra ukilinganisha na Marekani, na ungeweza kusema ni damu yao. Lakini wanawake waliohamia Hawaii na California, kisha binti zao, kisha wajukuu zao, idadi ikapanda kizazi baada ya kizazi ikasogelea ya Wamarekani weupe. Damu ileile, ardhi nyingine, chakula kingine, uzazi mwingine. Kwetu huhitaji hata kuvuka bahari. Kampala, ambako wamekuwa wakiorodhesha wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1950, walikuwa na wagonjwa wapya 11 wa saratani ya matiti katika kila wanawake 100,000 mwaka 1961. Kufikia 1995 walikuwa 22. Nairobi, kati ya 2004 na 2008, idadi ilipita 50. Binti wa mjini aliyesoma, akaolewa na miaka 30, akazaa wawili na kurudi kazini baada ya miezi mitatu, hatari yake si ile ya bibi yake. Sisemi hivyo ili arudi kijijini kuzaa wanane. Nasema rangi ya ramani haikugandishwa. Inatembea, na inakuja upande wetu.

Sehemu ya weusi wa rangi kule kwao pia ni mashine. Nchi inayowaita wanawake wote wenye umri fulani kupigwa picha ya matiti itawakuta na vijidonge vya saratani ambavyo mkono haujavigusa, na kila kimoja huongeza hesabu. Sisi tunahesabu waliofika hospitali.

Sasa ramani ya pili. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zenye maendeleo makubwa zaidi mwanamke 1 kati ya 12 atagundulika na saratani ya matiti katika maisha yake, na 1 kati ya 71 atakufa nayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, atakayegundulika ni 1 kati ya 27, na atakayekufa ni 1 kati ya 48.

Isome tena taratibu, hata kwa kidole. Kwao wanaugua wengi zaidi yetu mara mbili na zaidi, lakini kwetu wanakufa wengi zaidi yao. Ukifanya hesabu ya sehemu kama ninavyowafundisha watoto, kule anakufa karibu 1 katika kila 6 wanaogundulika. Huku ni zaidi ya nusu. Ukichora ramani ya vifo badala ya ile ya wagonjwa, rangi zinahama: Afrika Magharibi na baadhi ya visiwa vya Pasifiki ndivyo vinavyokolea, na sisi tunaacha kupauka. Mwenzangu wa ofisini alisoma ramani bila ufunguo. Aliona "wachache" akaelewa "salama".

Tunapenda kueleza vifo hivi kwa methali moja: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeisikia kwenye mihadhara ya Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, nimeisikia redioni, nimeisikia msibani kwa mama mdogo mwenyewe, ikisemwa na mtu aliyekuja kula pilau. Inaniuma, kwa sababu mama mdogo hakuficha.

Alikuwa kijumbe wa mchezo wa upatu wa wanawake 14 pale kijijini, wilayani Muheza. Kijumbe lazima awe mtu wa kumbukumbu, na yeye alikuwa na daftari la kurasa 64, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, ambamo kila senti iliyoingia na kutoka iliandikwa kwa peni ya bluu. Upande wa nyuma wa daftari aliandika mambo yake binafsi: mbuzi amezaa, paa limevuja, nani anadaiwa sukari. Huko nyuma ndiko nilikokuta safari yake nzima, mstari kwa mstari, kama vile naye alikuwa mchango wa mtu.

Mstari wa kwanza ni wa wiki ya Maulidi, Januari 2015: "Kijitezi ziwa la kushoto. Hakiumi."

Hakiumi. Neno hili moja limeua wanawake wengi kuliko aibu. Sisi ugonjwa tunaujua kwa maumivu. Jino linauma, mgongo unauma, mtoto analia. Donge la saratani ya titi, likiwa bado dogo na linaweza kutibika vizuri, mara nyingi haliumi kabisa. Lina ugumu kama kokwa ya tende chini ya ngozi, halifuati hedhi, halikui kwa haraka ya kukushtua. Hata hivyo hakukaa nalo mwaka. Tarehe 9 Februari alikwenda zahanati. Ameandika: "Nimeambiwa jipu. Vidonge." Navikumbuka vile vidonge, amoksilini, nusu nyekundu nusu njano, ndani ya kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1x3. Akavimaliza. Machi akarudi, akapewa vingine. Mei akarudi tena. Mwezi Juni mhudumu mwingine, mzee aliyekuwa anashikia zamu ya mtu, alimpapasa kwa dakika mbili, akapapasa na kwapani, akanyamaza, akamwandikia barua ya rufaa.

Hospitali ya mkoa walimkata kipande kidogo cha nyama mwezi Agosti ili kipimwe. Sampuli ikatumwa maabara nyingine, na jibu halikurudi. Alikwenda kuliulizia mara tatu, kila mara nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba. Mwishowe wakasema haionekani, wakakata upya. Sina haja ya kuitaja hospitali. Waliompokea walikuwa watu wema na walikuwa wachache. Jibu lilitoka tarehe 30 Novemba. Nimezihesabu siku kuanzia zahanati hadi jibu: 294.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliotolewa 2023, linataka mwanamke akishagusa mlango wa huduma ya afya apate jibu ndani ya siku 60. Linataka pia wagonjwa 60 katika kila 100 wagundulike donge likiwa bado hatua ya kwanza au ya pili, na 80 katika kila 100 wamalize matibabu waliyopangiwa. Hapa Tanzania, tathmini iliyotolewa 2017 ilikuta wanane katika kila kumi wanafika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Nilipoisoma nilijiuliza ni wangapi kati ya hao wanane walikuwa wameshakwenda mahali mapema, wakapewa vidonge vya rangi mbili, halafu wakaandikwa kwamba wamechelewa.

Jibu lake lilisema saratani, halikusema ni ya aina gani. Na aina ni jambo kubwa. Zipo saratani za matiti zinazolishwa na homoni, na hizo zina dawa ya vidonge, tamoksifeni, ya zamani, isiyo ghali sana, unayomeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Zipo zisizo na vipokezi vya homoni, yaani mahali kwenye seli ambapo homoni hushikia, wala kipokezi kingine kiitwacho HER2 kinacholengwa na dawa mpya, na hizo ni kali, mara nyingi huwapata wanawake wenye umri mdogo. Watafiti waliolinganisha Ghana na Ethiopia walikuta aina hii kali kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Ghana, lakini kwa Ethiopia kama mmoja tu kati ya saba. Magharibi na mashariki ya bara moja! Kwa hiyo hakuna "saratani ya Mwafrika" ya kuzungumziwa kwa mkupuo, na mgonjwa wa upande wetu ana nafasi nzuri kwamba yake ni ile inayosikia vidonge. Lakini lazima apimwe kwanza ijulikane. Kipimo hicho kilimchukua mama mdogo wiki nyingine sita.

Safari za Dar es Salaam zikaanza 2016. Basi la alfajiri, saa sita barabarani, kisha daladala mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwenye yale majengo ya tangu enzi ya Mjerumani yanayotazama bahari. Alisema upepo wa pale ni mzuri. Hata pale dawa isipolipiwa, nauli inalipiwa, chakula kinalipiwa, na mtu wa kumuuguza analipiwa. Daftari linaonyesha wale wanawake 14 walimpa zamu tatu mfululizo ambazo hazikuwa zake. Majina ya waliompisha yameandikwa, na mbele ya kila jina deni. Alifariki Machi 2017 akiwa amelipa mawili.

Nasema haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tofauti ya vifo ni tofauti ya elimu, ya mila, au ya kijenetiki tu. Utafiti mmoja ulifuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Matokeo yake yalitoka 2020: baada ya miaka mitatu, nusu tu ndio waliokuwa hai. Lakini angalia Namibia peke yake. Wanawake weupe waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa kama 90 kati ya 100. Wanawake weusi, 56. Nchi moja, jua moja. Au angalia mashine. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na mpya haikuanza kazi mpaka karibu miaka miwili baadaye. Mwanamke aliyegundulika mwezi ule hakuwa na la kuficha wala la kufichua.

Na ninajua kinachoweza kufanyika, kwa sababu Rwanda wamekifanya. Kule kaskazini, wilaya ya Burera, ambako kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa 2012, waliwachukua wauguzi wa vituo vya afya vya kawaida wakawafundisha kupapasa titi, kutofautisha donge na jipu, na nani apelekwe wapi. Vituo vingine havikufundishwa kwanza, ili kulinganisha. Kwenye vituo vilivyofundishwa, wanawake wengi zaidi walifika na kupimwa, na saratani nyingi zaidi zilikutwa zikiwa changa. Hawakuanza na mashine ya mabilioni. Walianza na yule mtu wa kwanza anayeona titi, mwenye kibahasha cha 1x3 mkononi.

Dada yangu, binti mkubwa wa mama mdogo, anaishi Leicester, Uingereza, tangu 2001. Kule mwanamke akiingia miaka ya 50 huandikiwa barua nyumbani aende kupigwa picha ya matiti, na huandikiwa tena kila baada ya miaka mitatu hadi afike 71. Yake ilimfikia 2023. Akanitumia picha yake: karatasi ya kawaida, jina lake, tarehe, saa, anwani ya mahali. Nikaitazama sana ile barua. Mama yake alitembea siku 294 kuutafuta mfumo. Yeye mfumo umemtafuta mpaka mlangoni.

Lakini hakwenda. Wiki tatu barua ilikaa juu ya friji. Niliposhangaa akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sina kitu kinachoniuma." Hata Uingereza, takwimu zilizotoka 2016 zilionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne wenye asili ya Afrika aliyekutwa na saratani ya matiti alikutwa hatua ya tatu au ya nne, kwa wanawake weupe ilikuwa 13 kati ya 100. Tumesafiri na neno letu. Nilimpigia nikamsomea daftari la mama yake kwa simu, kuanzia Maulidi hadi Novemba, bila kuongeza neno. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kesho yake alipiga kuweka miadi. Picha zake zilikuwa safi.

Oktoba mwaka juzi, 2024, nikioga, niliukuta ugumu wangu mwenyewe, upande wa kulia, chini ya chuchu. Nina miaka 47. Jumatatu asubuhi nilikuwa zahanati, ileile, ila imepakwa rangi upya. Muuguzi alikuwa msichana mdogo kiasi kwamba ningeweza kuwa nimemfundisha.

"Linauma, mama?"

"Haliumi."

Akaacha kuandika. Akavuta pazia, akanawa mikono, akapapasa duara kwa duara kwa ncha za vidole vitatu, akapanda hadi kwapani, akarudia upande wa pili. Kisha akachukua karatasi ya rufaa.

"Lisilouma ndilo tunalolipeleka," alisema.

Daftari la mama mdogo lina kurasa tisa nyeupe zilizobaki. Jioni ile nililitoa kabatini, nikatafuta peni ya bluu.

7 Oktoba: zahanati, rufaa.
10 Oktoba: picha ya altrasaundi.
17 Oktoba: wamechukua kinyama kwa sindano.
31 Oktoba: jibu. Uvimbe wa kawaida. Siku 24.

Chini yake nimeandika jina la yule mwanamke wa tatu katika upatu, na kiasi cha deni ambalo mama mdogo hakulimaliza. Yupo bado, anauza maandazi karibu na stendi. Jumamosi nilimpelekea.